Namba Moja, Watu Wawili

Daktari hakumlaumu mtu. Aliuliza tu, macho yakiwa kwenye kompyuta yake, kwa nini mama hakurudi alipoitwa miezi saba iliyopita. Mama akamtazama binti yake, binti akamtazama mama yake. Walikuwa wamekwenda wote wawili siku moja kupimwa matiti, wakaandikisha namba moja kwa kuwa simu ya nyumbani ni moja. Siku ya tisa ukaingia ujumbe mmoja kwamba majibu yametoka na hakuna tatizo. Haukutaja jina, eti kutunza siri ya mgonjwa. Wakamshukuru Mungu, wakaendelea na shughuli zao.

Binti alimpigia kaka yake akiwa bado kwenye korido ya hospitali. Hakuwa akilia. Alimweleza kwamba uvimbe umeshafika kwapani, na kwamba kwenye kumbukumbu za daktari mama ameandikwa kuwa aliitwa.

"Kaka," alisema, "huo mfumo wa kutuma majibu si ndio uliouandika wewe?"

Ndio wenyewe. Na huyo kaka hakuwa kaka wa kuzaliwa tumbo moja. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa na wiki tatu, na mamkubwa, ndiye huyu mgonjwa, ambaye naye alikuwa na kichanga chake, akawanyonyesha wote wawili mpaka wakaacha wenyewe. Ziwa la kushoto lilikuwa lake, la kulia la dada yake. Mamkubwa alipenda kuwatania hivyo mbele za wageni. Uvimbe ulikuwa kushoto.

Kazini walimwita Radi, na jina hilo alilipata mwaka jana, tangu kampuni ilipowawekea msaidizi wa akili bandia ndani ya programu ya kuandikia msimbo, yale maagizo ya kompyuta. Unaandika maneno mawili, yeye anakumalizia mistari kumi kwa rangi ya kijivu. Ukiridhika unabonyeza kitufe kimoja, kijivu kinakuwa cheusi, na kazi inahesabika ni yako. Wenzake walikuwa wakisita na kusoma. Radi alibonyeza. Kazi ya wiki akaimaliza siku mbili, akasifiwa kwenye kikao, na sifa, kama tujuavyo, humvisha mtu kilemba cha ukoka.

Simu ya dada yake ilipokatika alirudi mezani kwake akafungua historia ya msimbo. Hakutafuta sana. Siku ile alikuwa ameandika sentensi moja ya maelezo, kwamba mfumo umtumie kila mgonjwa majibu yake. Kijivu kikaja, kikaanza kwa kuondoa namba za simu zilizojirudia ili mtu asisumbuliwe mara mbili. Nadhifu kabisa. Kila namba ikabaki na mgonjwa mmoja, yule aliyeandikishwa kwanza, na aliyemfuata akafutwa kwenye foleni kimyakimya, huku kumbukumbu zikionyesha kwamba ameshaitwa. Dada yake ndiye aliyetangulia kujiandikisha.

Palikuwa na jaribio la kuhakikisha kwamba msimbo haukosei, maana ndio utaratibu wa kazi hiyo. Lakini jaribio nalo alimwachia msaidizi aliandike. Msaidizi akabuni wagonjwa watano wenye simu tano, kila mtu na yake, na taa zote zikawaka kijani. Kesi ya ngedere alipewa nyani aihukumu. Mwenzake aliyetakiwa kuipitia kazi hiyo kwa jicho la pili akamwomba msaidizi wake amfupishie, akaandika neno moja: safi.

Kilichomsumbua Radi si kwamba hakujua. Alikulia nyumba ya watu saba na simu moja, ikikaa juu ya kabati, na kila aliyepiga alianza kwa kusema anamtaka nani. Mashine haikuwahi kuishi katika nyumba hiyo. Yeye ameishi. Angeuandika mstari ule kwa vidole vyake angekumbuka, na hilo alilijua bila kuambiwa na mtu. Tena jioni ujumbe ulipoingia alikuwepo sebuleni. Mamkubwa alimuuliza ni wa nani kati yao. Naye, mdomo umejaa mkate, akajibu kwamba ni wa wote, maana kungekuwa na tatizo ungekuja mwingine.

Akamzima msaidizi. Akaandika mwenyewe, taratibu, amri ya kutafuta waliokuwa na majibu mabaya na hawakutumiwa kitu. Walikuwa thelathini na wanane. Mamkubwa alikuwa wa kumi na moja.

Meneja aliisoma orodha akiwa amesimama, akafunga mlango. Hakuwa mtu mbaya. Alimwambia aurekebishe mstari ule leo hii, lakini asimpigie mtu simu hata mmoja mpaka mwanasheria na hospitali wakae, wiki ijayo Mungu akipenda. Radi akaurekebisha. Kisha akachapa orodha, akaikunja, akaondoka nayo kwenda nyumbani.

Mamkubwa alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu alivyokwenda navyo hospitali bado miguuni. Radi akakaa chini sakafuni, akamweleza yote, hata lile la mkate.

"Kwa hiyo hukuandika wewe," mamkubwa alisema.

"Iliandika mashine, mama. Mimi nilikubali."

"Ulisoma kabla ya kukubali?"

"Sikusoma."

Dada alikuwa mlangoni, na Radi hakuthubutu kugeuka kumtazama.

"Usiniombe msamaha leo," mamkubwa alisema. "Leo sinao. Wengine wako wangapi?"

"Thelathini na saba."

"Wanajua?"

Akamweleza habari za mwanasheria na wiki ijayo.

"Mtoto niliyemnyonyesha mimi," mamkubwa alisema, akiinama kuvua viatu, "hangojei wiki ijayo. Nenda kapige simu."

Alikaa barazani, orodha juu ya goti. Kazi ilikuwa imeshakwenda na alijua hivyo, lakini haikumuuma. Palikuwa na kubwa zaidi la kumuuma. Akabonyeza namba ya kwanza. Ikapokewa na mwanamume, kijana kwa sauti. Radi akasema anamtafuta mama aliyepimwa matiti mwezi wa pili.

"Walipimwa wawili hapa, mke wangu na mama yangu. Simu ni hiihii moja. Unamtaka yupi?"

Radi alitazama umri kwenye karatasi. "Mama."

Kisha yule kijana akasema, kwa upole kabisa, kwamba mama walimzika mwezi uliopita, na akauliza anaongea na nani.

Radi akajitaja jina lake lote na kazi yake, akaeleza kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mashine hakuitaja.

"Ngoja," kijana alisema. "Hayo usiniambie mimi. Ngoja nimpe baba."

Simu ikapita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na sauti ya mzee ikamsalimu, ikamuuliza yeye ni nani.