Betri Zilizonyimwa Ubaridi

Fundi mkuu wa kituo cha betri aliweka kiganja kwenye mlango wa kontena, akakitoa mbio. Chuma kilikuwa cha moto kama sufuria iliyo jikoni. Mle ndani, betri zilizopaswa kuuwashia mji taa kila jioni kwa miaka kumi na mitano zilikuwa zimechoka kabla hata ya mwaka wa tano, na aliyezichosha ni mume wake.

Mume huyo ndiye mhasibu wa kituo. Alipoona viyoyozi vya makontena vinakula umeme mchana kutwa, aliagiza vizimwe. Ati betri si wageni wa hoteli. Mkewe alimweleza mpaka koo likamkauka: betri ikipata joto inazeeka, na ikishazeeka hairudi ujanani. Mhasibu akacheka, akamwambia aache kuzidekeza. Mwisho wa mwaka wakubwa walimpongeza kwa kubana matumizi, naye akavimba kichwa wiki nzima. Fundi alitamani amfungie humo humo kontenani.

Sasa umeme wa akiba ulikuwa unakatika watu hawajamaliza hata kupika. Betri mpya zilihitajika, na gharama yake wangebebeshwa wale wale wanaokaa gizani. Bodi ikaitisha kikao.

Asubuhi ya kikao, akifunga vifungo vya shati mbele ya kioo, mhasibu alimwomba mkewe aseme betri zilitoka kiwandani zikiwa mbovu.

"Wewe ndiye mtaalamu, watakuamini," alisema. "Ukisema vingine, mimi sina kazi. Na watoto je?"

Jibu lililomjia fundi halikufaa kusikiwa na watoto hao.

Kikaoni, mwenyekiti alimuuliza ni nini kimeua betri. Mhasibu alimkazia mke wake macho ya kubembeleza, na macho hayo ndiyo yaliyomtia hasira kuliko yote. Mtu ameunguza mali ya mji mzima, bado anataka afutiwe kosa.

"Joto," fundi alisema. "Viyoyozi vilizimwa."

"Na nani?"

"Yupo hapa. Nyumbani huwa namsemea. Hapa atajisemea mwenyewe."

Watu wakageuka huku na huku. Mhasibu alimtazama mkewe amwokoe. Mkewe alivuta kiti chake pembeni, ili mwenyekiti amwone mhasibu vizuri.