Sala ya Mama Katika Filamu ya Pepo

Filamu ya kwanza, ya pepo aliyemwingia mtawa, ilikuwa imewatoa watu jasho. Hii ya pili, ya kueleza pepo mwenyewe alitoka wapi, haikufua dafu. Pepo gani huyo wa kujieleza nusu saa nzima kama mgombea ubunge? Ukumbini watu walishaanza kuchezea simu.

Fundi sauti wa filamu hiyo alijikunyata kitini. Kando yake alikaa mama yake, kavaa gauni lake la kwendea harusini, mkoba mapajani, hana habari na lolote. Kuna mahali mama wa mtawa anamwombea mwanawe, na mwigizaji alikuwa amekaukwa sauti siku ya kurekodi. Fundi alitega kinasa sauti nyuma ya mlango wa chumba cha mama yake, akainasa sala yake ya alfajiri bila ruhusa, akaja kuibandika kwenye mdomo wa mwigizaji. Alijiambia mama hajawahi kukanyaga sinema, atajuaje? Kumbe mtayarishaji angegawa tiketi za wazazi.

Sala ikaanza. "Ee Mungu, mwanangu huyu sina mwingine. Mfungulie njia..."

Mwigizaji akafunga mdomo, sauti ikaendelea. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Mama anaombea tumboni!" mtu akapayuka.

Mama akamgeukia mwanawe taratibu. "We, si mimi huyo?"

Aibu ilimpanda fundi mpaka masikio yakawaka moto. Angeona shimo angejitumbukiza. Sala ya mama yake, aliyoombewa yeye, ilikuwa inachekwa na watu asiowajua, na aliyeileta pale ni yeye.

Sala ikafika mwisho. Mama, kwa mazoea tu, akaitikia kwa sauti, "Amina."

Hapo watu wakavunjika mbavu. Jamaa wa kiti cha nyuma akamgusa fundi begani, machozi ya kicheko yakimtoka. "Kaka, huyu mama uko naye?"

"Hapana," fundi akasema.

Neno lilimponyoka kabla hajalifikiria. Alitaka kulirudisha, lakini yule jamaa alishamgeukia mwenzake.

Mama alikuwa amesikia. Alichukua mkoba wake, akapita ameinama ili asiwazibe wa nyuma, akaenda kukaa kiti cha mbali peke yake, asije akamwaibisha mwanawe.