Mlinzi wa Wanga

Nyumbani kwa Mzee Malual, katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, hakuna aliyethubutu kutia mkono kwenye sinia kabla yake. Wageni walikuja kila jioni kuzungumza habari za kurudi Bor, mji wao wa Sudan Kusini, kwa kuwa nchi yao ilikwisha kupata uhuru. Mzee akimega asida, ule ugali laini wa mtama, nao humfuata. Akiacha kula, wote huacha. Ndiyo maana hakuwahi kuacha mapema.

Mwaka 2013 kidonda kilimtoka kwenye kidole cha mguu. Muuguzi alimwambia sukari imepanda: anywe dawa za kliniki, apunguze mwili, asida aionje tu, la sivyo mguu utaondoka.

"Nitaingia Bor kwa miguu yangu," mzee alijibu. "Lakini kumwondoa mgeni kwenye sinia, hilo sikufundishwa."

Binti yake Ayen, mpishi huko Lodwar, aliondoka na maneno hayo moyoni. Akapita kibandani kwa Sally, mwanamke wa Nakuru aliyeuza mafuta ya nywele na vidonge vya kupunguza unene.

"Hivi vinazuia wanga," Sally alisema akitikisa chupa. "Kula chapati upendavyo, dada, zitapita kama maji ya laga mvua ikinyesha. Niangalie mimi."

Ayen alimwangalia. Sally hakuwa mwembamba. Hata hivyo alinunua. Mfa maji hukamata maji.

Aliporudi Kakuma alimweleza baba yake kwa lugha ya zizini.

"Baba, unamkumbuka ndama anayefungwa miiba puani? Anashinda na mama yake, lakini maziwa hayapati. Kidonge hiki ndiyo miiba. Kula na wageni wako."

Mzee alicheka, jambo ambalo hakulifanya tangu apate kidonda. Jirani yao Dut akadakia, "Basi tumbo la mzee limepata askari wa geti. Chakula kitapekuliwa kama sisi tulivyopekuliwa mpakani."

Ayen akarudi Lodwar na moyo mwepesi. Hakusema kwamba dawa za kliniki ziendelee. Aliona ni jambo la wazi.

Safari iliyofuata, harufu ilimpokea mlangoni kabla ya baba yake. Mguu ulikuwa umekuwa mweusi hadi kwenye kifundo. Dawa za kliniki zilining'inia ukutani ndani ya mfuko, fundo halijafunguliwa.

"Baba, kwa nini?"

"Miiba ilikuwapo, mama. Ndama mmoja hufungwa mara mbili?" Akainamisha macho. "Na nilikula vizuri. Nilikula kuliko zamani."

Ndama yule, Ayen ndiye aliyemleta.

Mguu ulikatwa hospitalini Lodwar. Mzee aliporudishwa Kakuma, wageni walewale walikuja, wakaketi kuizunguka sinia. Ayen alikuwa amepika asida kidogo. Bor haikutajwa.

"Mzee, tufungulie sinia," Dut alisema kwa sauti ya chini.

"Kuleni."

"Tunakungoja wewe."

Malual aliuacha mkono wake ndani ya shuka, pale ambapo goti lilikuwa mwisho wa mguu. Hakuna aliyemega. Asida ikashika utando juu, ikapoa. Ayen alibaki amesimama na birika la maji ya kunawa, akiusubiri mkono wa baba yake utoke.