Tone la Mafuta Kwenye Kola ya Lenzi

Bi Mkasi aliikuza picha yangu kwenye kompyuta mpaka uso wa mwamuzi ukajaa kioo kizima, kisha akanigeuzia.

"Niambie ana macho mangapi huyo."

"Mawili, bosi."

"Mimi naona manne. Na huyu ni mwamuzi wa mpira wa wavu, kapanda juu ya kiti chake, hajasogea tangu mechi ianze. Kama yeye hajasogea, nani kasogea?"

Nilijikuta natazama mikono yangu. Ilikuwa imetulia tuli juu ya magoti, kama mikono ya mtu asiyehusika.

Bi Mkasi ndiye mhariri wa picha gazetini, na jina hilo kapewa kwa sababu hakuna picha anayoiacha bila kuikata pembe. Sheria yake ni moja tu: kope zihesabike. Zisipohesabika, picha haitoki hata kama umepiga malaika anashuka. Nafasi ya mpigapicha wa michezo ilikuwa moja, na tuliokuwa kwenye majaribio tulikuwa wawili, mimi na Kidevu, jamaa mwenye ndevu zilizochongwa kwa rula. Hiyo ilikuwa mara yangu ya tatu kuambiwa natetemeka.

"Jumamosi mchana ni fainali ya kunyanyua vyuma, wanawake," alisema. "Flashi marufuku, na wapigapicha mnakaa juu, roshani. Atakayeniletea kope, Jumatatu anaanza kazi. Mwingine nitampa mkono wa heri."

Kidevu alikuwa ananisubiri kwenye korido, kalikumbatia lenzi kubwa la ofisi aliloazimwa.

"Dada, si kila mtu anafaa michezo," alisema. "Kapige picha za milima. Mlima unaweza kukusubiri mpaka mikono ipoe."

"Mlima pia haunuki mafuta ya ndevu," nikamwambia, nikapita.

Lakini ngazi nilishuka mbilimbili, bila kugeuka nyuma. Nilikuwa naitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Lenzi langu niliachiwa na mjomba, kaka yake mama, alipostaafu kupiga picha. Ni refu kama mkono wa mtoto na zito kiasi kwamba ukifunga kamera peke yake kwenye stendi ya miguu mitatu, lenzi litaivuta mbele mpaka lianguke. Kwa hiyo lenzi lenyewe ndilo hufungwa. Kiunoni lina pete nene ya chuma yenye kiguu chini, na kile kiguu ndicho kinachokaa juu ya stendi. Pete hiyo tunaiita kola. Ukilegeza skrubu yake, lenzi linazunguka ndani, unageuza picha kutoka ya kulala kuwa ya kusimama bila kuigusa stendi. Ukikaza, linatulia. Au linapaswa kutulia.

Ijumaa asubuhi niliamka na hasira, na hasira ikanipa akili. Nyumbani kwetu chumba cha mbele ni karakana ya mama, fundi wa makoti: cherehani mbili, meza ya kukatia, na makoti ya suti yaliyoning'inia bila mikono kama watu waliokatizwa mazungumzo. Nilisimamisha stendi dirishani, nikaelekeza lenzi kwenye kibao cha duka la dawa ng'ambo ya barabara, nikaiweka kamera ijipige yenyewe baada ya sekunde kumi. Kisha nikarudi nyuma, mikono nimeifunga mgongoni kama mshtakiwa.

Ikabofya. Nikaikuza picha. Kila herufi ya kibao ilikuwa na pacha wake.

"Mama," niliita, "njoo uone. Sijagusa kitu, na imetetemeka."

"Sasa unashangilia nini?"

"Kwamba si mimi."

Nilifungua lenzi kutoka kwenye stendi, nikalilaza juu ya jora la kitambaa mezani, nikapiga tena kibao kilekile. Safari hii herufi zilikaa kama zimechongwa, hata vichwa vya misumari niliviona. Mikono haina kosa, vioo vya lenzi havina kosa. Nilirudisha lenzi kwenye stendi. Mama, ambaye hajawahi kupiga picha hata moja maishani mwake, akaweka vidole viwili juu ya ncha yake akaitikisa kidogo, vile anavyopima kifungo kama kimeshika.

"Linacheza," alisema. "Kama jino la mtoto wa miaka sita. Hiyo pete yako umeikaza?"

"Mpaka mwisho."

"Basi ifungue."

Niliifungua kola yote. Ndani huwa kuna utepe mweusi wa kitambaa kizito uliogandishwa kuzunguka chuma, ndio unaolibana lenzi lisicheze. Utepe wangu ulikuwa umebanduka, umelainika, umejikunja upande mmoja kama soksi iliyoshuka. Na ulikuwa unang'aa. Mama aliusugua kwa kidole gumba, akakinusa.

"Haya ni mafuta ya cherehani."

Nikatazama kichupa cha mafuta kando ya cherehani.

"Nani kaweka mafuta ya cherehani humu?"

"Mama, si unajua Ijumaa…"

Alijua. Nyumbani kwetu kila Ijumaa ni siku ya mafuta. Tangu nikiwa na miaka saba napita na kichupa chenye mdomo mwembamba: cherehani zote mbili, mkasi mkubwa, bawaba za milango, feni, hata gurudumu la kiti cha bibi alipokuwa hai. Kila kinachozunguka kinapata tone lake, ndiyo amri ya mama. Kwa hiyo lenzi lilipokuja ndani ya nyumba, nikaona nalo linazunguka, nikalipa haki yake. Wiki baada ya wiki, kwa mapenzi yote, nilikuwa nayeyusha gundi ya kile kitambaa, na nikikaza skrubu chuma kinateleza juu ya mafuta.

Mama alikaa kwenye kigoda akacheka mpaka akajifuta macho kwa kipande cha bitana. Mimi nikacheka, kisha nikakumbuka Jumamosi ni kesho, kicheko kikakatika.

"Usininunie," alisema. "Nani alikufundisha kupaka kila kitu mafuta? Mimi. Basi lete spiriti."

Tulifuta kola mpaka chuma kikakauka kabisa. Kisha mama akavuta sanduku la mabaki, akatoa kipande cha kile kitambaa kizito kinachowekwa chini ya kola ya koti ili isimame. Kitambaa hicho hakifumuki, hakitanuki, na ukikibana kinajibu. Alipima mzunguko kwa futi yake ya kitambaa, akakata ukanda, akaujaribisha, akaupunguza upana wa uzi mmoja, akaujaribisha tena. Nilitaka kumwambia aharakishe, nikaishia kumshikia futi.

"Gundi ikae mpaka asubuhi," alisema. "Ukiifungua kabla nitajua."

Asubuhi lenzi lilizunguka ndani ya kola kwa uzito mzuri, kama mtu anayegeuka kitandani bila kuamka. Nikapiga kile kibao. Misumari ikaonekana. Nikambusu mama shavuni na pini zake mdomoni.

Ukumbi ulikuwa umefurika. Taa zilikuwa hafifu na za manjano, ikabidi nishushe kasi ya kamera hadi sehemu moja ya themanini ya sekunde, kasi ambayo kwa lenzi refu namna ile haisamehe kitu. Kidevu alisimama hatua tatu kutoka kwangu.

"Umekunywa maji?" aliniuliza.

"Nimekunywa. Nimekuachia kidogo."

Mwanamke aliyekuwa akingojewa na wote alikuwa mfupi, mwembamba wa kiuno, na mashabiki walimwita Sisimizi kwa sababu alibeba mara mbili ya uzito wake. Alikwishashindwa mara mbili. Alipopanda jukwaani kwa jaribio la tatu na la mwisho, watu walikanyaga sakafu kwa miguu mpaka roshani ikatikisika na stendi yangu nayo. Nikasema moyoni, nyamazeni, jamani, nyamazeni.

Akainama. Ukumbi ukanyamaza.

Chuma kikapanda mpaka kifuani, akachuchumaa chini yake, akasimama nacho polepole kama anayeinua paa la nyumba. Hapo nilihitaji picha ya kusimama. Nililegeza skrubu na kuzungusha lenzi. Juzi lingeinamisha pua mara moja. Safari hii lilizunguka, likabaki pale nilipoliacha. Sikupata hata muda wa kulikaza.

Akasukuma. Mikono ikanyooka juu, ikaanza kutetemeka, viwiko, mabega, mashavu, yeye mzima anatetemeka na chuma kinatetemeka pamoja naye. Kidevu alikuwa anabofya mfululizo. Mimi nilingoja. Tulia, dada yangu. Sekunde moja tu, tulia.

Akatulia. Nikabofya mara tatu, na ukumbi ukalipuka.

Alasiri hiyohiyo Bi Mkasi aliikuza picha yangu, akaikuza tena, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Jicho la kushoto ishirini na tatu," alisema. "Tone la jasho limeshika kope ya mwisho. Kumbe una mikono wewe."

Kisha akafungua za Kidevu. Sisimizi alikuwa na macho manne. Kidevu alisimama ameganda, ndevu zenyewe kama zimenyong'onyea, na mimi nikaona kile nilichokiona dirishani kwetu Ijumaa: kila mstari na pacha wake, upande uleule. Ningenyamaza, kazi ilikuwa yangu, safi, bila neno.

"Bosi," nikasema, "hajatetemeka yeye. Naomba hilo lenzi la ofisi."

Niliweka vidole viwili juu ya ncha yake nikaitikisa. Likacheza. Nikafungua kola: chuma kitupu, utepe ulishatoka zamani, hata alama ya gundi ilikuwa imefutika. Kidevu alipumua kama aliyetolewa majini. Bi Mkasi alilichukua lenzi, akalitikisa mwenyewe, mara moja, mara mbili, akalirudisha mezani taratibu sana.

"Kwa lenzi hili," alisema, "nimewaondoa watu watatu."

Akavuta simu yake karibu.

"Wewe, Jumatatu saa mbili asubuhi," akaniambia. "Wewe, Kidevu, utapewa jaribio lingine, na mimi leo nina simu tatu za kupiga. Hili lenzi nani anaweza kulitengeneza?"

Nilitoka kwenye korido nikampigia mama. Cherehani ilikuwa inanguruma nyuma yake, na sauti yangu mwenyewe ilikuwa inanikimbia.

"Mama, nimepata. Nimepata kazi. Kile kitambaa cha chini ya kola kimebaki?"

"Kimebaki kingi. Na mafuta nikuwekee?"

"Mafuta, mama, yafungie kabatini mpaka nirudi."