Nimechoka na Wifi

Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: "Nimechoka na wifi. Kesho naleta mpya." Mshonaji aliutuma kwenye kundi la simu la ukoo wa mumewe, akaweka simu chini, akaendelea kupiga pasi kola. Alikuwa akizungumzia mtandao wa nyumbani. Lakini waifai ikiandikwa haina tofauti na wifi, dada wa mume, na dada huyo wa mume alikuwa akiishi naye nyumba moja.

Basi moto ukawaka. Shangazi mmoja akauliza huyo mpya anatoka wapi na ni wa kabila gani. Binamu akatuma vicheko tupu. Wifi mwenyewe hakuandika kitu, alikuja chumba cha kushonea kwa miguu yake.

"Unanibadilisha mimi? Kwenye nyumba ya kaka yangu?"

"Nimesema mashine, wifi. Nahamia kampuni nyingine."

Na sababu alikuwa nayo. Mshonaji alifundisha kukata na kushona kwa video, wanafunzi wake wanawake wa mbali, na kazi hiyo aliipenda kuliko zote alizowahi kufanya. Ruta ya zamani, ile mashine ya mtandao, ilikaa chumbani kwa wifi, juu ya kabati, na swichi yake pembeni ya kitanda. Wakikwaruzana asubuhi kwa ajili ya sufuria, mchana somo linazimika katikati ya mkono wa gauni. Wanafunzi wengine walishaondoka. Waliobaki walimwambia wazi kwamba wanampa somo moja tu, likizimika nalo wanatafuta mwalimu mwingine. Watu huita hayo mtandao dhaifu. Mimi nayaita roho mbaya iliyochomekwa ukutani.

Wifi akalegeza sauti, maana aliona ameshika mpini. "Sawa. Waandikie ukoo kwamba unaniomba radhi. Halafu hiyo mpya ikae kwangu kama ile ya mwanzo, yaishe."

Kesho yake fundi wa kampuni akafika, akaweka ruta mbili mezani, kati ya vifungo na chaki. "Hii ndogo ni ya bure, lakini kuta mbili haivuki. Hii kubwa unainunua mwenyewe, inabaki yako hata siku ukituhama."

"Ya bure inatosha," wifi alisema. "Na waya wa zamani unaishia chumbani kwangu. Kutoboa nyumba ya nini?"

"Hiyo kubwa," mshonaji alisema.

Fundi, mtu mwenye busara zake, akauliza atoboe wapi huku akiangalia sakafu. Wifi akamgeukia kaka yake, ambaye tangu aoe jibu lake kwa kila kitu lilikuwa moja.

"Kaka, mwambie mkeo."

Mume akakohoa. "Tutaona."

"Tumeshaona," mkewe alisema. "Fundi, toboa hapa, juu ya cherehani."

Vumbi likamwagika juu ya vitambaa. Mshonaji hakuwa amewahi kumpinga wifi yake mbele ya mgeni. Aliogopa, na wakati huohuo alifurahi, na furaha ilikuwa kubwa kuliko woga. Taa za ruta zilipowaka akachukua simu, akawaandikia ukoo: "Nilimaanisha mashine. Radhi siombi, sijakosa." Shangazi akajibu kwamba siku hizi wake za watu wana midomo. Akamwachia shangazi neno lake.

"Kwa hiyo mimi ndiyo nimenyimwa mtandao," wifi alisema.

"Nani amekunyima? Neno la siri nakupa sasa hivi. Wageni wako wakija, nao nitawapa."

"Na ikiharibika usiku?"

"Utanigongea." Mshonaji alivuta kiti, akakaa kati ya wifi na ukuta. "Kila kitu utapata, wifi. Swichi tu ndiyo hupati."

Wifi akarudi nyuma hadi mlangoni. Mume alijifanya anazoa vumbi. Kwenye kioo cha kompyuta nyuso zikaanza kutokea, moja baada ya nyingine, kila mmoja na mkasi wake na kitambaa, wakimtazama kwa mashaka.

"Karibuni," mshonaji aliwaambia. "Tuanzie pale tulipokatwa."

Alisema tulipokatwa, si tulipokatika, na wifi alikuwa bado mlangoni.