Jiko la Mtu Mmoja

Tabu binti Mwishehe alianza kupikia wanafunzi wa shule moja ya sekondari huko Mbagala akiwa hana hata unywele mmoja wa mvi. Mumewe alikwishafariki, mtoto hakujaliwa. Mazungumzo yake yote ya siku yalikuwa pale jikoni, kwenye kibanda cha mabati, pamoja na mpishi mwenzake Tusajigwe, mwanamke wa Kinyakyusa mdogo kwake kwa umri. Mmoja akisonga ugali, mwingine alichochea kuni. Walitaniana, walisutana, na wakikosana asubuhi walipatana kabla maharage hayajaiva.

Tatizo lilikuwa moshi. Tabu alikuwa akikohoa mpaka anashika ukuta.

Siku moja wageni walikuja kukagua shule. Walimu wakawatembeza maabara, wakawaonyesha vyoo vipya. Walipokaribia kuondoka, Tusajigwe alifuta mikono kwenye kanga akawasimamisha njiani.

"Shikamooni wakubwa. Jikoni hamwingii? Karibuni, mkae hata kidogo tu. Dada yangu huyu kifua kinammaliza. Nishati safi tunaisikia redioni kila siku. Sie itatufikia lini?"

Mmoja wao aliingia, akatoka machozi yanamchuruzika. Mkuu wa shule, Mwalimu Theonest, hakumkaripia Tusajigwe. Alijua serikali imeshaagiza taasisi zinazolisha watu wengi ziachane na kuni na mkaa, na shule yake ilikuwa inasuasua. Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Kibanda kilivunjwa, jiko la vigae likajengwa, mitungi ya gesi ikapangwa nje na masufuria makubwa ya presha yakafungwa ndani.

Kisha Mwalimu Theonest akawaita wapishi wake ofisini.

"Jiko hili linataka mtu mmoja," alisema, macho yakiwa mezani. "Dada Tabu ndiye wa siku nyingi, atabaki. Tusajigwe, bodi ya shule imeamua hivyo. Samahani sana."

Tabu alimgeukia mwenzake. Tusajigwe akasema, "Haya, mwalimu, nashukuru." Akaenda kuchukua mkoba wake, akatoka getini bila kugeuka.

Kikohozi kilikwisha. Tabu akaanza kulala usingizi wa kweli, na nguo zake zikaacha kunuka moshi. Lakini kule jikoni alisikia gesi tu ikivuma. Kuna siku alijikuta akimsimulia mtu habari za jirani yake, akageuka, hakuna mtu. Alizima moto akakaa kwenye ndoo, akashindwa kuinuka mpaka kengele ilipolia.

Alikwenda kwa mkuu wa shule. "Mwalimu, tugawane zamu. Wiki yangu, wiki yake."

"Hilo nilishawaomba bodi, dada Tabu. Hawataki."

Akampigia Tusajigwe simu. Iliita, haikupokewa. Alirudia siku nyingi, ikawa hivyo hivyo. Baadaye alisikia sokoni kwamba Tusajigwe amehamia Kunduchi, anakaanga samaki ufukweni, pale wavuvi wanaposhusha. Jumamosi akafunga safari.

Alimkuta ameinamia karai la mafuta, kuni mbichi zikifuka chini yake, macho mekundu.

"Tusa."

"Dada Tabu! Huku umepajuaje?"

"Mbona simu hupokei?"

Tusajigwe aligeuza samaki mmoja, akageuza na wa pili. "Ningesema nini? Ningelia, na wewe ungelia, basi."

"Umenikasirikia."

"Wewe? Hata. Si mie mwenyewe niliyewaita wale watu? Ningejua yatakuwa hivi..." Alitikisa kichwa. "Ningewaita tu. Ulikuwa unakufa, dada."

Tabu alikunja mikono ya gauni ili amsaidie, lakini kabla hajashika chochote moshi ulimvaa, na kile kikohozi cha zamani kikampanda kifuani kwa nguvu. Tusajigwe alimshika mabega, akamvuta mbali.

"Kaa huku, upepo unakotokea. Hapo usisogee."

"Na wewe je? Gesi huwezi kupata?"

"Ya wakaanga samaki bado haijatangazwa redioni," Tusajigwe alisema, akacheka kidogo. Mteja alimwita, akarudi mbio kwenye karai.

Tabu alikaa pale juu ya gogo mpaka jua lilipopungua makali. Wakitaka kusemezana ilibidi wapaze sauti, na kila wateja walipojaa mazungumzo yalikatika.

Siku hizi Tabu huenda kwake kila Jumamosi. Anamletea Tusajigwe ndizi, anakaa upande ule ule, na mara nyingine wanapata nafasi ya kuongea vizuri. Mara nyingine hawapati, anaaga akiwa hajasema hata nusu ya aliyokuja nayo.