Visanduku Viwili Visivyolingana

Tangu Alhamisi barua ya kodi ilipofika, Maite Etcheverry hakutulia kitako. Jumamosi asubuhi alikuwa ameshafuta jiko mara mbili, akatoka nje kuangalia theluji ikiyeyuka, akarudi ndani, akasimama dirishani, kisha akalishika tena dekio.

"Kaa chini basi, mama," mumewe Dell alisema. Alikuwa fundi wa kwato za farasi, mtu asiyepapatika. "Unanizungusha kichwa. Wanataka pesa ngapi hao watu wa kodi wa California?"

"Mia moja na sitini na kitu."

"Dola mia na sitini ndiyo imekunyima usingizi siku mbili? Lipa, tule mayai."

"Si zangu zinazonisumbua, Dell. Ni za wenzangu."

Wao waliishi Gardnerville, upande wa Nevada, ambako mshahara haukatwi kodi ya jimbo. Lakini Maite alifanya kazi ya kupiga picha za mifupa katika zahanati moja ng'ambo ya mlima, upande wa California, na California humtoza kodi anayechuma kwake hata kama haishi kwake. Kwa hiyo kila mwaka alijaza ritani, yaani fomu ya kodi, ya mtu asiye mkazi. Alikuwa hodari wa namba, na sifa zikasambaa. Wenzake tisa wanaovuka mlima kama yeye wakaanza kumletea makaratasi yao. Hakuwatoza hata senti. Walimletea keki, wakamwita profesa, naye akaupenda mno huo uprofesa.

Karatasi ya mshahara ina visanduku viwili: kimoja mapato kwa hesabu ya serikali kuu, kingine kwa hesabu ya jimbo. Namba ya California ilikuwa kubwa zaidi, na tofauti yake ilikuwa sawasawa na fedha aliyojiwekea mtu mwaka huo kwenye akiba ya matibabu. Serikali kuu huisamehe kodi akiba hiyo. California haiitambui, huihesabu kama mshahara mwingine wowote. Maite hakulijua hilo mpaka barua ilipofika. Alidhani mashine ya mishahara imekosea, akaandika namba ndogo, kwake na kwa wenzake tisa, miaka mitatu mfululizo.

"Wakipata barua zao, watalipa," Dell alisema.

"Na riba ikizidi kupanda wakati mimi najua na nimenyamaza?" Akachukua funguo za gari. Mayai aliyaacha yakipoa.

Alianza na aliyemwogopa kuliko wote. Orrin Satterlee, mmoja wa wale tisa, alikuwa fundi wa mitambo ya joto pale zahanati. Mkewe Coralee alikuwa mgonjwa wa figo, kwa hiyo Orrin alijaza akiba ile mpaka juu kabisa inaporuhusiwa. Maite aliizunguka mitaa ya Minden, alikoishi Orrin, mara mbili akijifunza maneno ya kusema, na alipoegesha yote yalikuwa yamemtoka.

Orrin alikuwa amepiga magoti uani, amefungua mashine ya kusukumia theluji.

"Profesa! Umepotea njia leo?"

"Mzee Orrin, nimekuja na habari mbaya. Nimekuharibia ritani zako. Zote tatu."

Akamweleza bila kujificha. Orrin alisikiliza huku akifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja.

"Kiasi gani?"

"Kama elfu moja na mia moja na hamsini, pamoja na riba."

Akalikunja tambara. Kisha akasema taratibu, "Mimi nilikuuliza. Mwaka ule wa kwanza. Nikasema, binti, mbona hizi namba mbili hazifanani? Unakumbuka ulinijibu nini?"

Maite alikumbuka. Alikuwa amecheka mbele ya watu, akamwambia, wewe tutengenezee joto, namba tuachie sisi.

"Nakumbuka," alisema. "Nitalipa mimi. Yote."

"Pesa yako sina haja nayo. Kodi ni yangu, mshahara ni wangu. Nionyeshe. Nataka nione mwenyewe."

Coralee akafungua dirisha. "Nyie mnaganda huko nje kwa nini? Ingieni, kahawa ipo."

Wakakaa mezani mpaka adhuhuri. Orrin aliisoma kila namba kwa sauti, na hakukubali lolote kwa mdomo mtupu. Maite alipomwambia kwamba riba ndogo iliyozaliwa ndani ya akiba yenyewe California haiwezi kuigusa, kwa kuwa wao ni wakazi wa Nevada, alisema, "Umesoma wapi? Nionyeshe." Maite akatafuta ukurasa, akamwonyesha, naye akausoma mara mbili midomo ikicheza. Miguu ya Maite ilikuwa haitulii chini ya meza. Alitamani mzee apige kelele, atukane, yaishe.

Hakutukana. Walipomaliza kurekebisha ritani ya tatu, Orrin alitia sahihi, akapanga karatasi vizuri.

"Mwaka kesho nitatafuta mtu mwingine," alisema. "Usichukie."

"Ni haki yako, mzee."

"Orrin!" Coralee alimkaripia. "Mtu kaja mwenyewe kwa miguu yake."

"Ndiyo maana nimempa kahawa."

Siku hiyo Maite aligonga milango mingine mitatu. Verlene wa mapokezi alimfokea mbele ya watoto wake, halafu saa moja baadaye akampigia simu kuuliza aanzie wapi. Kufika katikati ya Aprili, sita walikuwa wamerekebisha na kulipa, wawili walisema watasubiri barua, na mmoja aliyekwisha hamia Idaho hakujibu ujumbe wowote.

Orrin alitimiza neno lake. Januari iliyofuata alipeleka karatasi zake kwa mhasibu mmoja wa Carson City, akatozwa dola mia mbili. Maite alizisikia habari hizo kwa Verlene, akazimeza. Asubuhi walipokutana kwenye korido alimwamkia kama kawaida, na Orrin akamwitikia kwa jina lake, Maite, si profesa tena.